Njoo na Fundi Wako

Katika matangazo ya magari ya Dar es Salaam hakuna gari bovu. Kila gari limetunzwa, kila gari lina mmiliki mmoja, kila gari ni la kuwasha na kuondoka. Wenyewe nao hawauzi kwa sababu limewashinda. Wanauza kwa sababu bosi anasafiri, mama anahamia kwa mwanawe Marekani, au mjomba ameona kiwanja Kigamboni na muda umembana. Mwishoni, baada ya "bei maelewano", huja maneno manne ya kumtoa mtu wasiwasi: njoo na fundi wako.

Mhasibu mmoja wa Tabata alikuwa akiyasoma matangazo hayo usiku, familia ikiwa imelala na simu ikimmulika usoni. Ni mtu wa hesabu, asiyepanda bodaboda kabla ya kukubaliana nauli, lakini mbele ya picha ya Land Cruiser nyeupe iliyooshwa mpaka kwenye nati za tairi alikuwa hana kinga yoyote. Haja yake ya gari kubwa, hata hivyo, ilikuwa ya kweli. Ilitoka Usambara.

Mama mkwe wake anaishi kijijini, ng'ambo ya Lushoto mjini. Kutoka Mombo mpaka Lushoto ni kilomita 33 hivi za lami nyembamba inayopanda kwa kona kupitia Soni, na mpaka hapo hata gari dogo linafika, ingawa linahema. Ukiiacha lami unakutana na udongo mwekundu wa milima ile, ambao kiangazi ni vumbi na masika ni sabuni. Familia ilikuwa na Toyota IST, gari ambalo mjini halina mpinzani, kwa kuwa linapenya hata pale bajaji inaposita. Kila mwisho wa mwaka IST iliachwa kwa jamaa Lushoto mjini, watu wakamalizia safari kwa Noah za abiria, mabegi mapajani. Mama mkwe hakulalamika. Aliuliza tu, kwa upole wake: "Hilo gari, baba, huwa linaogopa nini huku kwetu?"

Kikao cha familia kikaitishwa. Mhasibu alikuja na jedwali kwenye kompyuta: safu za bei, ulaji wa mafuta, viti, urefu kutoka ardhini. Mkewe, ambaye ni muuguzi, alikuja na mahitaji matatu yasiyohitaji jedwali: watu saba wakae wote wakitazama mbele, wote wafunge mikanda, na mama yake apande bila kubebwa. Watoto walitaka skrini. Shemeji, mdogo wake mke, anayeishi nao na asiyechangia mafuta, alitaka Discovery.

Chaguo la kwanza la mhasibu lilikuwa mkonga, yaani Land Cruiser ya 70 yenye bomba la hewa lililopanda hadi usawa wa paa. Kwa hoja za fundi, hakuna gari la kulishinda. Lilianza kutengenezwa mwaka 1984 na bado linatengenezwa. Injini yake iliyoenea zaidi Afrika, 1HZ ya dizeli, ina silinda sita na cc 4164, haina tabo wala kompyuta, na fundi wa mwisho wa barabara anaielewa. Ndilo gari la polisi, la wamisionari, la ambulensi na la Umoja wa Mataifa. Arusha mafundi hulikata chesesi, wakalirefusha na kulifungulia paa ili watalii wasimame kupiga picha za simba. Gari la aina hiyo haliwezi kukosa spea.

Jamaa mmoja alikuwa nalo, akaliazima kwa Jumapili moja. Kwa bahati mama mkwe alikuwa Dar kwa ajili ya kliniki, kwa hiyo familia nzima ikatoka kulijaribu. Hapo ndipo jedwali lilipogundulika kuwa na upungufu, kwani halikuwa na safu ya kanga. Kidato cha nyuma kiko juu, kanga inabana, na mama ana magoti ya umri wake. Katika hali ya kawaida mtu mwenye nguvu angemshika kiunoni akampandisha. Lakini mwenye nguvu pale alikuwa mkwe, na mkwe hamshiki mama mkwe kiunoni, hata gari liwe la shilingi milioni mia. Mhasibu alisimama pembeni akiutazama mnazi wa jirani kwa makini, ungedhani ameambiwa auandikie taarifa. Mkewe alisukuma, shemeji alivuta, na mwishowe muuza genge akaleta stuli ya plastiki.

Mama alipokaa kwenye benchi la pembeni, akitazamana na wajukuu magoti kwa magoti, alizungusha macho mle ndani, akasema: "Hili gari la askari. Mimi sijakamatwa."

Mkonga ukafutwa kwenye jedwali. Na mama alikuwa na hoja nzito kuliko alivyojua. Mabenchi ya kutazamana yalikusudiwa watu wazima wa kazini, si watoto wa safari ndefu. Gari likifunga breki ghafla, mtu aliyekaa ubavu huenda kwa jirani yake.

Shemeji akaona zamu yake imefika. Tangu tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha mwezi Oktoba 2024 hakuwa na mazungumzo mengine. Discovery 3, iliyotoka mwaka 2004 na kurithiwa na Discovery 4 mwaka 2009, ina sifa zake za haki: viti saba ambavyo mtu mzima anakaa kweli, hata safu ya mwisho, na mfumo wa hewa unaoliinua gari likikutana na mawe na kulishusha watu wanapopanda. Kwa mama mwenye kanga, hiyo ni heshima. Tatizo la mfumo huo ni kwamba hewa hutunzwa na mifuko, kompresa, vali na kompyuta, na kimoja kikichoka gari hukaa chini na halinyanyuki. Wapo wenye magari hayo waliong'oa mifuko yote na kuweka springi za chuma.

Mhasibu alikwenda eneo la Gerezani kuuliza bei za spea. Alirudi kimya. Fundi aliyemwuliza ushauri hakumkataza. Alimwuliza swali moja tu.

"Una gari la pili, mkuu?"

"Ninayo IST."

"Basi nunua. Utakuwa na la kufuatia spea."

Ushauri mwingine ulitoka Muscat, kwa binamu aliyehamia huko tangu ujana. Yeye haamini kwamba kuna gari nje ya Nissan Patrol. Katika mchanga wa Oman na Emirati, Patrol ya Y61 yenye injini ya petroli ya lita 4.8 ni mfalme, na binamu hutuma video za magari yanayopanda vilima vya mchanga kana kwamba yamefukuzwa. Jambo asilolitaja ni kwamba yeye anajaza tangi katika nchi inayochimba mafuta. Tabata wanasubiri bei kikomo ambazo EWURA hutangaza kila mwezi, na mhasibu huzisoma siku hiyo hiyo, amesimama.

Pajero nayo ilipata mtetezi, mzee wa mtaa, aliyekumbusha kikao kwamba gari hilo lilishinda mbio za Dakar mara 12 kati ya mwaka 1985 na 2007. Ni kweli. Ila nyingi za kizazi cha tatu zilizotoka Japani zina injini ya petroli ya GDI, inayopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda. Mafundi wa Dar wanaizungumzia kwa sauti ileile wanayotumia kwa D4 ya Toyota, injini ya mfumo huohuo. Mmoja wao alipolisikia jina la GDI aliweka spana chini, akajifuta mikono, akasema ana msiba Chanika.

Ikabaki Land Cruiser 200, shangingi lenyewe, gari la mawaziri na wakurugenzi. Mhasibu alikuwa ameona moja ya mwaka 2008 kwa bei aliyodai inazungumzika. Mkewe hakugusa suala la mafuta wala tairi. Aliuliza kuhusu kamati za harusi.

"Leo tukiletewa kadi tunaandika laki moja, watu wanashukuru. Siku ukifika kwenye kikao na V8, hiyo laki utaiandikaje, baba watoto? Watakupa uenyekiti."

Hakuna aliyejibu. Mwenyekiti wa kamati ya harusi hutoa mchango, kisha hufidia pengo la walioahidi bila kutoa.

Basi Prado. Haikuchaguliwa kwa mapenzi. Ilibaki baada ya nyingine zote kuondoka, na ndivyo wengi wanavyoipata. Prado ni Land Cruiser nyepesi zaidi: ina chesesi ya chuma chini yake, tofauti na Harrier au Kluger ambazo ni magari ya lami yaliyoinuliwa kidogo, na ina gia nzito za kupandia mlima. Vizazi vinavyouzwa mitumba ni vitatu: 90 ya mwaka 1996 hadi 2002, 120 ya 2002 hadi 2009, na 150 iliyofuata hadi 2023. Spea zake zipo Kariakoo, zipo Tanga, na kama ni bushi au breki, zipo hata Lushoto.

Kwenye injini mhasibu alijifunza jambo ambalo dalali hasemi. Wanunuzi wengi wanataka Prado ya dizeli kutoka Japani, na wengi hawaelewi kwa nini haionekani. Sababu ni sheria za moshi. Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, alianza kampeni dhidi ya dizeli, akijitokeza na chupa ya masizi mbele ya waandishi wa habari, na mwaka 2003 masharti makali yakaanza kutumika jijini humo. Soko la dizeli kwa magari ya familia likafifia nchi nzima. Prado 150 ilipotoka mwaka 2009 iliuzwa Japani kwa petroli tu, ya lita 2.7 au 4.0, dizeli haikurudi mpaka mwaka 2015, na injini mpya ya lita 2.8. Kwa hiyo dalali anayekuuzia Prado ya dizeli ya 2011 "imetoka Japani moja kwa moja" aulizwe vizuri. Huenda ilitoka Uingereza au Australia, ambako dizeli ya lita 3.0 iliendelea. Si dhambi. Ila njia yake ni tofauti, kutu zake ni tofauti, na maelezo yake yanapaswa kuwa tofauti.

Dizeli kuukuu ina majaribu yake. Injini ya 1KZ ya Prado 90 inajulikana kwa kupasua silinda hedi ikichemsha, na ile ya 1KD iliyofuata ina nozo zinazotaka dizeli safi. Dizeli yenye maji inazimaliza, na kubadilisha seti nzima ni gharama ya kumkalisha mtu chini. Petroli ya lita 2.7 haina makuu hayo. Ina nguvu za farasi 163 za kuvuta gari linalokaribia tani mbili, kwa hiyo kwenye mlima inatoa sauti kubwa kuliko mwendo, lakini inafika, na fundi yeyote anaifungua.

Swali lililofuata lilikuwa kuagiza au kununua lililopo nchini. Japani huyauza magari yake mapema kwa sababu ukaguzi wa lazima, unaoanza gari likifika miaka 3 na kurudi kila baada ya 2, unawachosha wenyewe kwa gharama. Bei ya mnadani humfanya Mtanzania atabasamu, kisha anafungua kikokotoo cha TRA. Mhasibu alifanya hesabu kwa mfano wa shilingi 100. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 unaifanya 125. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 10, kwa injini inayozidi cc 2000, unaifikisha 137 na nusu. VAT ya asilimia 18 inaivusha 162. Gari likiwa limezidi miaka 10 linaongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, na ile 100 inavuka 200, kabla ya tozo ndogondogo na gharama za bandari. Tena 100 yenyewe ni thamani iliyomo katika kumbukumbu za TRA, si ile uliyoandikiwa na muuzaji. Kenya wao hawaruhusu kabisa gari lililozidi miaka 8, na Uganda wameweka mpaka wa miaka 15. Tanzania inakuruhusu, halafu inakutoza.

Akaamua kununua la nyumbani, na hapo ndipo burudani ilipoanza.

Prado ya kwanza ilikuwa kwenye yadi moja kando ya barabara ya Bagamoyo. Mhasibu alifika saa moja na nusu asubuhi, akaweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa haraka.

"Mbona ya moto?"

"Jua la Dar, bosi."

Gari lilikuwa chini ya mwembe. Injini iliyopashwa moto kabla ya mteja kufika inaficha mengi: moshi wa alfajiri, kelele za mnyororo, ugumu wa kuwaka. Dalali aliwasha, ikawaka mara moja kwa furaha, na sauti ya mwanamke ikasikika kutoka kwenye dashibodi ikieleza jambo kwa Kijapani, kwa adabu kubwa. Ni kifaa cha kulipia barabara za Japani. Kila ukiwasha gari kinakukumbusha kwamba hujaweka kadi. Skrini nayo ilionyesha gari likiwa katikati ya bahari. Redio ilikomea 90, kwa kuwa redio nyingi za magari ya Japani huanza 76 na kuishia hapo, kwa hiyo stesheni nyingi za Dar hazipatikani mpaka ufungiwe kifaa cha kupanua masafa. Watoto walimpenda yule mwanamke papo hapo na kwa wiki nzima walikuwa wakimwigiza mezani.

Prado ya pili ilikuwa imetembea kilomita 78,000, au ndivyo mita ilivyosema. Raba ya pedali ya breki ilikuwa imelika hadi chuma, usukani unang'aa, na kiti cha dereva kimebonyea upande mmoja. Alipoulizwa, dalali alifikiri kidogo. "Mwenyewe alikuwa mnene sana." Akatoa karatasi ya mnada wa Japani kuthibitisha ubora. Kwenye karatasi hizo daraja la 4.5 ni gari safi, na herufi R ni gari lililopata ajali likatengenezwa. Hii ilikuwa na R. Dalali akaeleza kwamba hiyo ni R ya rodi: gari limetembea kwenye lami tu.

La tatu lilikuwa zuri mno. Bodi inameta, viti safi, tairi nene zenye vidole vingi laini. Wakati huu mhasibu alikuwa amekwenda na fundi, kwa jinsi tangazo lilivyomwelekeza. Fundi alizunguka gari, akapiga teke tairi, akasikiliza injini, akatoa hukumu: gari kali. Mhasibu alikuwa ameshafungua simu kupanga malipo aliposikia dalali akimwita fundi kwa jina la utani na kumwuliza hali ya mtoto. Ilihitaji soda moja na ahadi ya cha juu kwa fundi wa mteja kugeuka kuwa fundi wa dalali, na kwa hawa wawili soda ilikuwa imekwisha kunywewa zamani.

Alirudi kesho yake na fundi mwingine, mzee wa Gerezani asiyependa maongezi, ambaye hakuambiwa gari liko wapi mpaka walipofika. Mzee alitandika boksi, akaingia uvunguni na bisibisi. Chini kulikuwa kumepigwa rangi nyeusi mbichi. Aligonga hapa, akagonga pale, kisha bisibisi ikazama ndani ya chesesi na kubaki imesimama yenyewe. Akatoka, akasoma maandishi ya tairi.

"Hizi ni tairi za theluji," alisema. "Gari limetoka kwenye baridi. Kule wanamwaga chumvi barabarani barafu iyeyuke. Chumvi imekula."

Kisha akafungua mlango, akauvuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake. Sehemu ya ndani, ile isiyotoka kamwe, ilikuwa na mstari wa tope kavu. "Na limeshazama." Dalali alisema hiyo ni rangi ya kiwandani.

Gari walilonunua halikuwa kwenye tangazo lolote. Mstaafu mmoja wa Mbezi alikuwa na Prado 120 ya petroli, mlango wa nyuma umebonyea, rangi ya boneti imepauka, na hajawahi kuiita kali. Alikuwa na faili la risiti za oili tangu siku aliyoisajili. Mzee wa Gerezani alifika alfajiri, akaiwasha ikiwa ya baridi, akasimama nyuma ya bomba la moshi muda mrefu, akalala uvunguni, akatoka na maneno matatu: "Hili linachoka kihalali." Kadi ikakaguliwa, faini za trafiki zikaangaliwa. Deni la maegesho lililokuwa limejificha kwenye namba ya gari halikuangaliwa, na lilijitokeza baadaye, likalipwa kwa manung'uniko.

Pasaka iliangukia katikati ya masika. Watu saba waliingia, na ndipo walipogundua kwamba Prado yenye viti vyote vya nyuma vilivyofunguliwa haina pa kuweka hata mkoba. Mlango wa nyuma, uliobeba tairi la akiba, hufunguka ubavuni, kwa hiyo mtu akiegesha karibu na ukuta mizigo inabaki ndani. Mabegi yakapanda kwenye kerea. Chini ya kiti cha mbele kikawekwa kigoda, kwa maagizo ya mke.

Mpaka Lushoto gari lilikwenda kwa heshima. Kwenye udongo, mhasibu aliwasimulia watoto jinsi gari la Toyota BJ, babu wa Land Cruiser, lilivyopanda Mlima Fuji mwaka 1951 hadi kituo cha sita. Alikuwa bado yuko kituo cha nne gari lilipoanza kwenda pembeni. Halikwenda mbele, halikurudi nyuma; lilihama tu, taratibu, kuelekea mtaroni. Alishika kirungu cha gia nzito. Hakikusogea. Kilikuwa hakijaguswa miaka na miaka, kwa sababu mstaafu wa Mbezi alikuwa akienda nalo sokoni na kanisani. Tairi nazo zilikuwa za lami, zimejazwa upepo mpaka zikawa ngumu, na udongo ulikuwa umeziba mifereji yake yote. Magurudumu manne yalizunguka kwa pamoja na kwa usawa, na hakuna hata moja lililoshika.

Wakati huo Noah ya abiria ilipita. Ilikuwa na watu wasiohesabika, kuku, na dumu la mafuta ya taa juu. Dereva wake, kijana wa kandambili, alipitisha tairi za upande mmoja kwenye majani ya ukingoni, bila kukanyaga breki, akapiga honi ya salamu akapotea kwenye kona. Shemeji alifungua kinywa kusema kitu kuhusu Discovery. Dada yake akamtazama, akakifunga.

Vijana wa kijiji walikuja bila kuitwa. Walipunguza upepo kwenye tairi, wakatandika majani na mawe, wakamwambia mhasibu aache kukanyaga mafuta, jambo lililomwuma kuliko fedha alizowapa. Gari likatoka. Jioni fundi wa Lushoto alilegeza kile kirungu kwa grisi na nyundo, akaeleza kwamba hiki kinatakiwa kusogezwa angalau mara moja kwa mwezi hata kama mtu haendi popote. Ilipofika zamu ya mama mkwe kupanda, alikanyaga kigoda, akakanyaga kidato cha pembeni, akakaa kiti cha katikati akitazama mbele, mkanda umefungwa, na hakuna mkwe aliyelazimika kutazama mnazi. Walirudi Dar na kabichi, karoti, plamsi na viazi kwenye kerea, lita moja ikiwapeleka kilomita saba.

Kwa msomaji aliye kwenye hatua ya kusoma matangazo usiku: tenga fedha za tairi nne kabla hujapatana bei ya gari, na uchague tairi kwa barabara ya kijijini kwenu. Mpandishe mama garini kabla hujalipa. Sogeza kila kirungu na ubonyeze kila kitufe cha gia nzito hapohapo kwenye yadi, uone taa inawaka. Vuta mkanda mpaka mwisho. Uliza spea kwenye mji wa karibu na unakokwenda, usiulize Kariakoo peke yake. Mwambie muuzaji unataka kuliona gari alfajiri, likiwa halijawashwa tangu jana, na fundi uende naye yule ambaye dalali hamjui. Akisema haiwezekani, gari limeshapata mwenyewe: mwachie yeye.